Naomba ushauri: Namna ya kumsimamia mzee aliyenifundisha kazi

Wakuu, habari za jioni. Shikamooni mnaostahili.

Nasimamia zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate hapa Morogoro. Nilipandishwa cheo mwaka huu kutoka miongoni mwa wenzangu, na chini yangu yupo mzee ambaye ndiye aliyenifundisha kukanda unga na kuendesha tanuri. Namwita baba, na namheshimu kwa dhati.

Tatizo ni kuchelewa. Unga ukikandwa saa nne usiku badala ya saa tatu, mikate inatoka wakati wasambazaji wameshajaa getini na pikipiki zao. Vijana nao wameanza: "Mbona mzee hasemwi?" Nimeongea naye faraghani, akakubali, akajirekebisha kwa muda, kisha hali ikarudi. Nikamhamishia zamu ya mchana, akaona nimemtupa. Siamini kuwa ni uvivu. Mkono wake bado unatushinda sote.

Meneja anataka nimpe onyo la maandishi. Ninavyoelewa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni zake za 2007 zinataka nidhamu ianze na kumrekebisha mtu, na asikilizwe kwanza. Lakini kumkabidhi barua hiyo mtu wa rika la baba yangu kunanipa shida sana.

Mliowahi kuongoza watu waliowazidi umri: barua mlitoa wenyewe, au mlianza kwa kumtuma mtu mzima mwenzake? Na vijana niwaambie nini kwa sasa bila kumvunjia mzee heshima?