Waliowahi kulea mtoto aliyetoka kwenye kipigo na njaa, tupeane uzoefu

Mama Tuli, Dar
Habari zenu wapendwa. Tunaishi na binti wa miaka saba aliyeletwa kwetu na ofisi ya ustawi wa jamii, sisi tukiwa familia ya kuaminika. Si ndugu yetu wa damu. Alikotoka alipigwa sana, na mara nyingi alifungiwa ndani bila chakula. Mengine siyaandiki hapa, maana ni yake mwenyewe.

Kinachotutatiza ni chakula. Anakula hadi anatapika, halafu nakuta matonge ya ugali na vipande vya chapati chini ya godoro, vingine vimeota ukungu. Mawifi wanasema huo ni wizi, achapwe mapema kabla haujakomaa. Mimi na mume wangu fimbo tumeikataa kabisa, ila hatujajua tushike nini badala yake. Mliopitia, mlifanyaje? Naomba mlichokifanya majumbani kwenu, mawaidha tumeshapewa mengi.

Baba Lulu, Mwanza
Pole mama, na hongera kwa kumpokea. Huo si wizi. Mtoto aliyelazwa njaa kwa sababu mtu mzima ameamua hivyo, atajuaje kwamba kesho kutapikwa? Wetu alikuwa anaficha mihogo kwenye begi la shule. Mke wangu akampa kopo lenye mfuniko, likakaa pembeni ya kitanda chake: karanga, ndizi, mkate. Kila jioni alilijaza mtoto akiwa anatazama, akimwambia, "Hili ni lako, likiisha najaza." Mwanzoni alilimaliza lote usiku uleule. Baadaye likawa linabaki nusu, kisha akaanza kuwagawia wenzake. Watoto wetu wa kuzaa walinung'unika, tukawapa na wao makopo yao. Tukaweka pia sharti kwa kila mtu mzima anayeingia kwetu, bibi yao akiwemo: hakuna kosa linaloadhibiwa kwa kunyimwa chakula.

Nesi wa Watoto
Naongezea upande wa afya. Kwa hilo la kutapika, mpeleke kituo cha afya apimwe uzito, urefu, minyoo na wingi wa damu. Na kwa wenye watoto wa miezi 6 hadi 59: utepe wa kupima unene wa mkono wa juu ukisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili ikivimba, usijaribu kumnenepesha nyumbani. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya kwenye damu huvurugika na moyo unaweza kushindwa kazi. Ndiyo maana wodini tunaanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo, usiku na mchana. Mlezi mwenye huruma anaweza kumweka mtoto hatarini bila kujua, kwa kumshindilia tu.

Bint Likoni, Mombasa
Wangu alikuwa kinyume chake. Hakuiba, hakulia, hakugombana na mtu. Nyumbani wakamsifu: mtoto mpole, mtoto ana adabu. Mimi ule upole ulinitisha. Alikuwa akiamka alfajiri kufagia uwanja kabla hajatumwa. Nikinyamaza kidogo tu ananiuliza, "Mama, umekasirika?" Aliwahi kuanguka akachanika goti, akaenda kuliosha mwenyewe nyuma ya nyumba, wala hakuniita. Mtoto mdogo asiyelia akiumia ameshajifunza kuwa kilio hakileti mtu.

Tulichofanya ni kuondoa mambo ya ghafla. Mume wangu aliacha kutundika mkanda kwenye msumari wa mlangoni, kwa sababu mtoto alikuwa akiuona tu anaganda. Na tukaanzisha hodi ndani ya nyumba yetu wenyewe. Chumba chochote alichomo, mtu hapiti mlango mpaka apige hodi, naye aitikie karibu. Wageni walituona tumezidi. Lakini kwa kijana ambaye huko nyuma mlango ukifunguliwa hujua anapigwa, kupewa yeye mamlaka ya kusema karibu lilikuwa jambo kubwa sana. Alianza kwa sauti ya chini, ikawa inapanda.

Siku niliyofurahi zaidi ni aliponikatalia. Nilimtuma dukani, akasema, "Sitaki, nacheza." Jirani alitaka nimrudi papo hapo. Nikamwambia haya, maliza mchezo kisha uende. Akaenda. Alikuwa ameona kwamba kwetu mtu anaweza kusema hataki na jioni bado akapakuliwa chakula chake.

Kwa Waislamu wenzangu wa Kenya: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaitambua kafala, yaani kumlea mtoto kwa utaratibu wa Kiislamu bila kumbadilisha ukoo. Jina la babake limebaki lake, nasaba yake haijaguswa, nasi tunamlea. Muone afisa wa watoto tangu mwanzo, msichukuane kienyeji tu.

Mwalimu wa Kondoa
Mama Tuli, usisahau shule. Huku Tanzania kanuni bado zinaruhusu viboko, visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu, na viandikwe kwenye kitabu. Wengi hawafuati hata hilo. Nenda mwenyewe kwa mkuu wa shule, ikiwezekana na barua ya ustawi wa jamii, uombe adhabu nyingine kwa binti huyo. Usisimulie yaliyompata, ofisi ya walimu haina siri. Sema tu akikemewa kwa ukali anaganda na kushindwa kujibu, na hiyo si jeuri. Nimefundisha watoto waliochapwa kwa sababu ya ukimya huo, na inaniuma hadi leo.

Shangazi Moro
Ipo siku ataanza kusema, na hatachagua muda unaoutaka wewe. Wangu alisema nikiwa namsuka. Sikuacha kusuka. Nilimwambia, "Nimekusikia. Umefanya vizuri kuniambia, na si kosa lako." Usimhoji ilikuwaje, mara ngapi, nani mwingine alikuwepo. Usimwite dada yako aje asikie. Mtoto akirudishwa kwenye maelezo na kila shangazi anaumia upya, na kesi nayo inaharibika kwa sababu wakili atasema amefundishwa. Wala usimwahidi kuitunza siri. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, piga simu ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ni bure, Tanzania na Kenya pia.

Mama Tuli, Dar
Asanteni mno, hilo la kopo naanza leo. Kuna jingine. Mama yake mzazi ameomba kumwona, na afisa ustawi anasema wataonana ofisini kwake, yeye akiwepo. Moyo wangu unakataa.

Kijana wa Mbeya
Shikamoo mama. Mimi nililelewa hivyo, sasa ni mtu mzima. Walezi wangu walikuwa watu wema, lakini shangazi mmoja wa pale alipenda kusema mama yako hafai. Kila aliposema hivyo nilisikia kwamba mimi ndiye sifai, kwa sababu natoka kwake. Nilimwogopa mama na nilimkumbuka, vyote kwa pamoja. Mwache aonane naye kwa utaratibu huo. Mweleze mapema watakutana wapi, nani atakuwepo na mtaondoka saa ngapi. Swali lililokuwa likininyima usingizi siku za kuonana ni moja tu, leo nitalala wapi. Mjibu kabla hajauliza. Akirudi akakojoa kitandani au akapiga watoto, msishangae, na msimwambie ni kwa sababu ya mama yake.

Mama Tuli, Dar
Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, tutampeleka. Nimalizie na kuoga: maji yakimwagika kichwani tu, anapiga kelele.

Shangazi Moro
Msimmwagie. Wekeni beseni, mpeni kopo ashike mwenyewe, aoge akiwa amejifunga kanga na mlango uko wazi kidogo, wewe ukiwa nje mnaongea. Kichwa atakifikia mwenyewe. Kwa sasa kifute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, na muulize kwanza.