Maktaba ya chuo kikuu inapokea vitabu vyetu. Je, itupokee na sisi?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari zenu. Naomba tulijadili hili bila jazba, ingawa nakiri limenigusa.

Marehemu baba alikuwa mwalimu. Baada ya msiba tulikaa kikao cha familia tukakubaliana vitabu vyake viende kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja, visije vikaliwa na mchwa nyumbani. Wakavipokea, tukasaini fomu, tukapewa barua ya shukrani. Miaka ikapita, nikahitaji kimojawapo. Baba alikuwa na tabia ya kuandika pembeni mwa kurasa, na katika kitabu kile aliandika habari za ukoo wetu ambazo hakuna mwingine anayezijua. Nilipofika, mlinzi akaniomba kitambulisho cha mwanafunzi au mfanyakazi. Sina. Nikaeleza, akanijibu kwa adabu kabisa kwamba utaratibu hauruhusu. Nikarudi mikono mitupu.

Kwa maoni yangu, sera ya wageni na sera ya kupokea vitabu ni jambo moja. Maktaba inayopokea vitabu kutoka kwa umma haina haki ya kuufungia mlango umma huohuo. Sisemi kila mtu aazime. Kuingia ni jambo moja na kuazima ni lingine, na hapo wengi tunachanganya. Maktaba ya Bodleian ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1602, ilimkatalia hata Mfalme Charles wa Kwanza alipotaka kuazima kitabu mwaka 1645, kwa kuwa vitabu vyake havikuwa vya kutoka. Lakini maktaba hiyohiyo huandikisha wasomaji wasio wa chuo, na kila mmoja huahidi, pamoja na mengine, kutowasha moto ndani. Kitabu kinalindwa na mtu anaingia. Kwa nini kwingine ishindikane?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Pole sana mkuu, kwa msiba na kwa yaliyokukuta getini. Lakini njoo wiki mbili kabla ya mitihani ujionee. Tunafika alfajiri na bado kuna wanaokaa sakafuni. Ada tunalipa sisi. Mlango ukiachwa wazi hatakuja mtu kama wewe peke yake. Watakuja wanaotafuta intaneti ya bure na mahali pa kupigia soga. Mgeni mwenye shida ya kweli simkatai, ila aje na ombi, aonyeshe anataka kitabu gani, na msimu wa mitihani asubiri.

Mtafiti asiye na chuo

Mdogo wangu, hiyo ada si yote inayoendesha maktaba. Vyuo vya umma vinaendeshwa pia kwa kodi, na kodi tunalipa sote. Hata Marekani, maktaba zilizokubali kuwa hifadhi za machapisho ya serikali, zikiwemo za vyuo binafsi, zinatakiwa kisheria kumruhusu raia yeyote kuyasoma bure. Kuhusu "kuonyesha anataka kitabu gani": mara nyingi mtafiti hajui anachokitaka mpaka apite kwenye rafu. Kitabu kilichonisaidia kuliko vyote nilikikuta pembeni ya kile nilichokifuata.

Mkutubi

Nimefanya kazi hii miaka mingi, naomba niseme ya upande wa ndani.

Kwanza wageni. Kikwazo kikubwa siku hizi ni hifadhidata za majarida, yaani mikusanyo ya makala za kitaaluma mtandaoni, kuliko hata viti. Tunazilipia kwa leseni. Mikataba mingi inamtambua mgeni aliyeketi kwenye kompyuta za maktaba kuwa mtumiaji halali, lakini haituruhusu kumpa nywila akasomee nyumbani. Mtu mmoja akipakua makala kwa maelfu, mchapishaji anaweza kufunga huduma kwa chuo kizima. Hata hivyo, hiyo ni sababu ya kuweka masharti, haiwi sababu ya kumrudisha mtu getini. Hapo nakuunga mkono, mwanzisha mada.

Kwenye zawadi nina neno zito zaidi. Kitabu cha bure kina gharama. Lazima kikaguliwe ukungu na wadudu, kilinganishwe na katalogi, kipewe namba, kipate nafasi kwenye rafu. Sanduku moja lenye ukungu linaweza kuambukiza chumba kizima. Kitabu cha tiba cha toleo la zamani kinaweza kumpa mwanafunzi kipimo cha dawa kilichokwisha kuachwa. Ndiyo maana fomu nyingi zinasema zawadi ikishapokelewa ni mali ya maktaba: inaweza kuiweka, kuigawa, kuiuza au kuitupa.

Kwa hiyo nakuuliza kwa uchungu, ndugu yangu: una hakika kitabu cha baba bado kipo? Kitabu chenye maandishi pembeni, tukiwa na nakala safi, kwetu kwa kawaida huhesabiwa kuwa nakala iliyochafuliwa. Huwa ndicho cha kwanza kuondolewa.

Mwanzisha mada

Mkutubi, nimesoma maneno yako mara tatu. Sikuwahi kulifikiria hilo. Fomu tulisaini wote watatu na hakuna aliyesoma kifungu hicho.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alitoa kanuni tano za maktaba mwaka 1931. Mojawapo ni kwamba kila kitabu kina msomaji wake. Msomaji wa kitabu kile nilikuwa mimi, na hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Basi nabadili ombi langu. Fomu iulize: kuna maandishi ya mkono ndani? Familia ingependa kurudishiwa kisichohitajika? Mistari miwili tu. Na mdogo wangu wa mwaka wa tatu, nakubali, wiki za mitihani nitakaa nje.

Mkutubi

Kanuni ya tano ya Ranganathan inasema maktaba ni kiumbe kinachokua, na kinachokua huhitaji nafasi, kwa hiyo sisi huitumia kutetea kupunguza vitabu. Lakini mistari yako miwili haina gharama, nitaipeleka kwenye kikao chetu.

Kwa sasa usiende tena getini. Mwandikie mkutubi anayesimamia upokeaji. Maktaba nyingi zina daftari la zawadi. Taja jina la marehemu na tarehe ya barua ya shukrani, kisha omba kibali cha siku moja. Hata kama kiliondolewa, huenda imeandikwa kilipelekwa wapi.

Mwanzisha mada

Barua ninayo, na tarehe inasomeka. Naandika leo jioni.