Tuzo ya Maji ya Stockholm: ni nani hasa anayehifadhi maji?

Mkaazi wa Kibokoni:

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Kila mwaka nchini Uswidi hutolewa Tuzo ya Maji ya Stockholm, iliyoanza mwaka 1991, na Mfalme Carl XVI Gustaf ndiye anayemkabidhi mshindi. Wengi huihesabu kuwa heshima kubwa kuliko zote katika mambo ya maji. Hebu tazameni washindi wa karibuni: mwaka 2022 alikuwa Wilfried Brutsaert, aliyechunguza jinsi maji yanavyopanda angani kuwa mvuke, 2023 akawa Andrea Rinaldo wa Italia, bingwa wa mitandao ya mito, 2024 Taikan Oki wa Japani, aliyepiga hesabu za mzunguko wa maji wa dunia nzima, na 2025 Günter Blöschl wa Austria, mtafiti wa mafuriko. Wanne mfululizo, na wote ni maprofesa. Siwakatai wanazuoni, lakini nauliza: kuhifadhi maji ni kuyaandikia makala au ni kuyaweka? Wazee wa Faza na Kizingitini, huko visiwani Lamu, walijenga majabia, zile sakafu pana zilizosakafiwa na kuinamishwa kuelekea tangi la chini ya ardhi, wakazizungushia ua mbuzi wasiingie, na mvua ya masika ikawanywesha wakati wa kiangazi. Ni nani aliyewahi kuwavisha nishani? Hapa Mombasa ndio kabisa: anayehifadhi maji hatajwi, na wanaonenepa ni hawa wauza maji wa mikokoteni wanaokula juu ya kiu yetu.

Mwalimu wa Sayansi, Tudor:

Ndugu yangu wa Kibokoni, umechagua miaka minne inayokufaa ukaiacha mingine. Mshindi wa mwaka 2013 alikuwa Peter Morgan wa Zimbabwe, mtu aliyeboresha pampu ya mkono inayotengenezeka kijijini, akabuni na choo cha shimo chenye bomba la hewa: nzi aliyemo shimoni hufuata mwanga unaoingia kwa juu ya bomba, hukuta wavu, na hufia hapo hapo. Mwaka 2015 tuzo ilikwenda kwa Rajendra Singh wa India. Huyu alisomea tiba ya asili, akaenda wilaya ya Alwar katika jimbo la Rajasthan mwaka 1985 akitaka kutibu watu, na wanakijiji wakamwambia kwamba wanachohitaji kwanza ni maji. Akashika jembe pamoja nao, wakafufua matuta ya udongo yanayoitwa johadi, ambayo huizuia mvua isikimbie ili izame ardhini, na baada ya miaka mingi mto Arvari uliokuwa umekauka ukarudi kutiririka. Huyo si profesa.

Tena hata maprofesa usiwadharau. Rita Colwell, aliyeshinda mwaka 2010, ndiye aliyeonyesha kwamba kijidudu cha kipindupindu huishi majini kikiwa kimejishikiza kwa viumbe wadogo mno. Kutokana na elimu hiyo wanawake wa vijijini Bangladesh walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara nne au zaidi, na kipindupindu kikapungua kwa karibu nusu. Mama mwenye sari asingejua akunje mara ngapi bila ya mtu wa maabara.

Muuza Maji wa Likoni:

Mimi nimesoma mpaka mwisho, lakini siwezi kuliruka lile neno la kwamba tunanenepa juu ya kiu ya watu. Bwana wa Kibokoni, mimi ni mmoja wa hao unaowasema. Naondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri ili niwahi foleni ya kioski, na mara nyingi nafika nikakuta mfereji umefungwa, au maji yanatoka uzi mwembamba, mtungi mmoja wa lita 20 unachukua muda wa kuchosha kujaa. Nafunika kila mtungi kwa karatasi ya nailoni kabla ya kukaza kifuniko, kwa sababu barabara ni mashimo na maji yakimwagika hasara ni yangu. Mkokoteni si wangu. Naukodi, na mwenyewe anadai fedha zake jioni, niuze nisiuze. Mgonjwa wa ghorofa ya tatu ambaye mabomba yake hayajatoa tone, mimi ndiye ninayempandishia mtungi kwa bega. Mnapokaa kuzungumza habari za wafalme na Stockholm, mkumbuke kwamba mji huu ungelala na kiu kama sisi tungegoma.

Mkaazi wa Kibokoni:

Jasho lako silikatai hata kidogo. Ninachouliza ni kwa nini mtungi wa shilingi 20 unafika 50 siku ile ile bomba linapokatika. Mkokoteni ni ule ule, mteremko wa feri ni ule ule, bega ni lile lile. Kilichoongezeka ni shida yangu tu. Na hilo la kioski kufungwa, wako wenzako wanaosema wazi kwamba hawataki mifereji itoke kila siku, kwa kuwa ikitoka wao hawauzi. Nimeyasikia kwa masikio yangu.

Mama wa Kisauni:

Nyinyi wanaume mmebaki kugombana juu ya mtungi, na anayeuinua ndani ya nyumba ni mwanamke. Ndugu wa Kibokoni, bei hupanda kwa kuwa foleni hurefuka na mwenye kioski naye hupandisha. Huyu kijana ndiye wa mwisho katika mlolongo, na wa mwisho ndiye anayeonekana, basi lawama zote humwangukia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kwangu kisima kipo uani, na maji yake ni ya chumvi. Huu mwamba wetu wa matumbawe una vitundu tele. Ukivuta maji matamu kupita kiasi, bahari inaingia kwa chini kuchukua nafasi yake, na haitoki tena kwa urahisi. Vyoo vya shimo navyo viko hatua chache kutoka visimani, ndiyo maana kila mvua kubwa inapopita twaanza kusikia habari za kipindupindu. Kwa hivyo, Mwalimu, choo hicho cha mtu wa Zimbabwe ningependa sana ukieleze siku nyingine, maana hapa kwetu shida si nzi peke yake. Hilo shimo lenyewe limechimbwa katika jiwe linalopitisha kila kitu. Kisima hicho twakitumia kufulia na kusafishia choo. Cha kunywa na cha kupikia chatoka kwa muuza maji, na yeye ndiye anayejua ni nyumba ipi ina mtoto mchanga aanze nayo. Simwiti mwizi.

Kijana wa Mikindani:

Tatizo letu si muuza maji wala profesa. Tatizo ni kwamba sisi watu wa Mombasa ni zaidi ya milioni moja na laki mbili kwa sensa ya mwaka 2019, na maji yanayotufikia hayafiki nusu ya tunayoyahitaji. Wakati huo huo wako watu wa bara wanaotaka kutuuzia maji ambayo Mungu ameyatoa bure. Chemchemi ya Mzima ni yetu tangu enzi za mkoloni. Bomba lilijengwa kwa ajili ya Mombasa, bandari ya Mombasa ndiyo inayolisha nchi hii, na anayedai alipwe kwa kuwa chemchemi iko upande wake ana uchoyo.

Mtaita wa Changamwe:

Nilikuwa nasoma kimya, lakini hilo la uchoyo limenigusa, kwa kuwa ni kwetu ndiko linakotupiwa. Mimi naishi hapa na nayanywa maji hayo hayo, kwa hivyo nasema nikiwa pande zote mbili.

Kijana wangu, Mombasa haina chemchemi yake hata moja inayoweza kuulisha mji. Maji ya Marere na ya visima vya Tiwi yatoka Kwale. Ya Baricho yatoka kando ya mto Sabaki, kaunti ya Kilifi. Ya Mzima yatoka Taita Taveta, ndani ya Tsavo Magharibi. Hata hili bwawa la Mwache ambalo sote twaliombea liko Kwale, na kuna familia zilizohama mashamba yao na makaburi ya wazee wao ili wewe upate mfereji.

Mzima yenyewe haizaliwi pale inapoonekana. Mvua hunyesha juu ya milima ya Chyulu, ambako hakuna mto hata mmoja wa juu ya ardhi, kwa sababu lile jiwe la volkeno hunyonya kila tone. Maji husafiri chini kwa chini, yakachujwa njiani, hata yanapofika Mzima unamwona kiboko akitembea chini ya maji kama unavyomwona samaki katika kioo. Ule msitu wa ukungu juu ya Chyulu ukikatwa au ukichomwa, hakuna mhandisi wa Mombasa atakayeyarudisha hayo maji. Kuna watu wanaozuia mifugo isipande huko na wanaozima moto wa nyika kwa matawi ya miti. Wao ndio wanaohifadhi maji yako, na hukuwahi hata kujiuliza kama wapo.

Kisha bomba linashuka kilomita 220 hivi kuja pwani, likipita katika nchi kavu kabisa. Nenda Maungu, kwetu Taita Taveta, wakati wa kiangazi uwaone kina mama wamekaa na mitungi mitupu wakingojea mgao wa kubahatisha, na bomba la Mombasa limewapitia karibu. Viongozi wa Taita Taveta wamedai sehemu ya mapato ya maji hayo kwa miaka mingi. Ukiuita huo uchoyo, nieleze mwenye kuona maji yakimpita mlangoni aitwe nani.

Kijana wa Mikindani:

Na mimi niambie, mzee wangu, hizo fedha zikifika huko zitamfikia mama wa Maungu au zitaishia ofisini? Bei ya mita yangu itapandishwa ili kaunti nyingine ijenge ukumbi. Maji yako chini ya serikali kuu, hayako chini ya ukoo wa mtu. Sikusema kina mama wasipewe maji. Nimesema nisilipishwe mara mbili.

Wakili Mstaafu, Nyali:

Tuiweke sheria mezani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na hapo Kijana wa Mikindani yuko sawa na mama wa Maungu, hakuna aliyemzidi mwenziwe. Kifungu cha 69 nacho kinaitwika Serikali wajibu wa kuhakikisha maliasili zinahifadhiwa na manufaa yake yanagawanywa kwa usawa. Kwa hivyo dai la Taita Taveta lina mguu wa kusimamia. Namna ya kulitimiza ndiyo isiyoandikwa.

Namna ninayoiunga mkono ipo tayari hapa hapa Kenya. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa sehemu ya juu ya mto Tana kwa ajili ya Nairobi: watumiaji wakubwa wa maji walioko chini ya mto wanachangia, na wakulima wa milimani wanasaidiwa kuchimba matuta, kupanda nyasi na miti, na kuvuna mvua, ili udongo usiteremke kujaza mabwawa. Mchango unakwenda kwa kazi inayoonekana shambani, na hilo linajibu hofu ya ukumbi wa kaunti. Mombasa ina bandari, viwanda na mahoteli, na hao waanze kuchangia kabla ya mita ya nyumba ya mtu.

Naongeza moja kuhusu tuzo, kwa kuwa ndiyo iliyotuleta. Kader Asmal alituzwa Stockholm mwaka 2000 kwa aliyoyafanya akiwa waziri wa maji katika serikali ya Mandela. Sheria ya maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 inatenga kwanza maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu na maji ya kuuweka mto hai, ndipo wengine wagawiwe. Jackie King, aliyetuzwa mwaka 2019, alitumia maisha yake ya kazi akitafiti mto unahitaji kuachiwa maji kiasi gani usife. Kwa mizani hiyo, swali la Mzima lingeanza na mto wenyewe na watu wa kando yake, Mombasa ikafuata.

Muuza Maji wa Likoni:

Mheshimiwa Wakili, katika huo mfuko msitusahau sisi. Mabomba yakitengemaa, nitafurahi kwa ajili ya watoto wangu, lakini kazi yangu itakufa. Vioski vipya vikijengwa, tupewe sisi kuvisimamia, kwa leseni na bei iliyobandikwa ukutani. Hapo ndugu wa Kibokoni atakuja na kalamu yake aikague.

Mkaazi wa Kibokoni:

Bei ikibandikwa ukutani, mimi na wewe hatuna ugomvi. Na Mwalimu, orodha yako nimeiona, ila Morgan na Singh ni wa miaka zaidi ya kumi iliyopita, kwa hivyo swali langu kuhusu miaka hii ya karibuni liko pale pale. Nalishikilia kwa sababu heshima ya kimataifa humlinda mtu. Phyllis Omido wa hapa kwetu alishakamatwa kwa kupigania watu wa Owino Uhuru waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na tangu hapo dunia nzima ikawa inamtazama; Julai 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Wale wanaozima moto Chyulu kwa matawi, nani anawatazama?

Mtaita wa Changamwe:

Hapo twakubaliana, lakini mimi sitangoja Uswidi. Bomba la pili la Mzima limezungumzwa kwa miaka mingi na litazungumzwa tena uchaguzi ukikaribia. Nataka kuuona mchoro wake kabla ya jiwe la msingi kuwekwa: Maungu itachota bomba hilo katika sehemu ngapi, Mackinnon Road nayo, iliyoko njiani, katika ngapi, na ni sehemu gani ya bili ya Mombasa itakayopanda Chyulu kila mwezi. Wakili, ikiwa wajua ni ofisi ipi inayotakiwa kutoa mchoro huo kwa raia, iandike hapa, na barua nitaipeleka mwenyewe.