Fomu ya kitambulisho cha mwanangu, kwa kabila aandike Mdigo ama Mpemba?

mtoto_wa_dago
Habari zenu wadau. Mi ni wa huku Kwale, baba yangu alikuja na ngalawa kutoka Kojani, kule Pemba, akiwa kijana kabisa, walikuwa wakija dago miezi kadhaa wanavua kisha wanarudi, mwaka mmoja hakurudi akaoa hapa hapa. Sa mambo ya kitambulisho mnayajua, bila hicho leseni ya kuvua hupati, laini ya simu husajili, pesa ya samaki inaingia kwa simu ya mtu na siku ukimuudhi unalala njaa na watoto. Ikabidi mzee mmoja Mdigo, Mungu amrehemu, amwandikishe baba kama mwanawe wa kumzaa. Usiku kucha anafundishwa jina la ukoo, jina la chifu, nyanya alizikwa wapi, maana asubuhi anapigwa msasa na wazee. Akapita. Mpaka leo jina la mwisho kwa kitambulisho changu ni la yule mzee, si la babu yangu.

2023 serikali ikatutambua Wapemba kama kabila la Kenya, watu walilia hapa pwani na mi nililia. Sasa kijana wangu wa kwanza kafika 18, amekuja na fomu ya kitambulisho, pale pa kabila kaniuliza "baba niandike nini" nikakosa jibu kwa mtoto wangu mwenyewe. Akiandika Mdigo tunaendelea kumficha babu yangu. Akiandika Mpemba ni kama namrudishia yule mzee jina lake kaburini. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Bamvua77
Ndugu yangu wacha kama ilivyo. Mi nakwambia kwa uchungu, shemeji yangu alienda kurekebisha jina akaambiwa kumbe ulidanganya serikali, njoo kesho, njoo wiki ijayo, mwaka mzima hana kitambulisho na watoto wanadaiwa karo. Mnayajua wenyewe nyumbani kuwa nyinyi ni Wapemba, mnakula Kipemba mnaongea Kipemba, karatasi ni ya kulisha watoto tu. Usimwingize kijana kwa vita ambavyo babu yake alishamlipia.

mama_makongeni
Bamvua nakuheshimu lakini hapo hapana. Mi ni Mmakonde. Wazee wetu waliletwa kutoka Msumbiji miaka ya 1930 kwa mashamba ya mkonge, wengine kwa miwa, na tangu hapo tukaitwa wageni mpaka wajukuu. Na sisi tulijiandikisha Wadigo, wengine Wakamba, mama yangu alikuwa Mkamba kwa karatasi na neno moja la Kikamba hajui! Mwezi wa 10 2016 watu wakatoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, wazee, akina mama na watoto mgongoni, wakisema tumechoka. Kabla mwaka kuisha Rais Uhuru akasema tupewe vitambulisho, ndo tukawa kabila la 43. Sheria ya 2011 ilishasema mtu asiye na nchi aliyekaa hapa tangu 12 Desemba 1963 anaweza kuandikishwa raia, lakini ilikaa tu kwa kitabu mpaka watu wakatembea.

Jina tuliloazima lilitulisha ni kweli. Lakini kuna jambo hamsemi. Mama alipofariki, kwa kibali cha mazishi wakaandika Mkamba. Mwanamke aliyekuwa akichonga mpingo na kuimba Kimakonde jikoni kila siku ya Mungu. Niliishika ile karatasi nikasema huyu si mama yangu. Mwache kijana aandike anachojijua.

mwana_kojani
Asalaam alaykum yakhe. Mie niko Pemba hukuhuku, nataka kuongeza kitu. Huku kwetu hukuti mtu akajitaja kabila lake Mpemba, atakwambia mie wa Kojani, mie wa Mtambwe, mie wa Micheweni. Hilo la kabila mmelifanya nyie huko Kenya, na si vibaya, mlikuwa ugenini mkahitaji jina moja la kusimamia. Lakini na nyie mkija huku harusini tunawaita Wakenya, ba'mdogo wangu alikuja mara moja akaitwa Mkenya mpaka na watoto wa kakaake, akaondoka kimya bila kusubiri walima. Nimeliwaza sana hilo baada ya kusoma hapa. Kwa hiyo usingoje sisi wala serikali tukwambie wewe nani. Babako yu hai? Muulize yeye kwanza.

mtoto_wa_dago
Shukran sana. Mama Makongeni hayo ya kibali cha mazishi yamenikaa rohoni, pole sana.

Nimemuuliza jana jioni, alikuwa barazani anasuka dema la kunasia samaki, vidole vyenyewe siku hizi vinatetemeka lakini dema haiachi. Kijana alikuwa hapo na fomu yake. Mzee hakujibu upesi, akakaza fito, akakaza nyingine, kisha akamwambia "andika Mpemba." Mi nikasema basi na jina nalo tulibadilishe turudishe la babu. Akakasirika, kweli kabisa akakasirika, akasema "lile jina nilipewa na mtu aliyekuwa anaweza kufungwa kwa ajili yangu, hilo halitoki hata nikifa."

Kwa hiyo kabila Mpemba, jina la mzee linabaki. Jumatatu tunaenda sote watatu kwa chifu.