Naombeni ushauri: kilomita 60 kwenye vilima vya mawe, nijiandaeje?

MguuMwepesi: Wakuu, habari zenu. Miezi mitatu ijayo nitatembea kilomita 60 kwa siku 2 na wenzangu, vilima vitupu, mawe na mizizi. Tambarare kilomita 15 naimudu. Ninapoishi hakuna kilima, kuna ngazi za ghorofa tu. Nikishuka mteremko mrefu mapaja yanatetemeka na kidole gumba kinagonga mbele ya kiatu. Nianzie wapi?

Kipito: Mkuu, jibu umelitaja mwenyewe: kushuka. Wengi hujifua kupanda kwa kuwa ndiko kunakokata pumzi, kumbe kinachowamaliza ni mteremko. Ukishuka, msuli wa mbele wa paja unakaza ili kukuzuia, na papo hapo unavutwa. Hapo ndipo nyuzi zake zinapopata majeraha madogo madogo. Maumivu huwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72 baadaye, yaani yatakukuta siku ya pili ukiwa bado njiani. Ila msuli ukishaizoea kazi hiyo, hata kwa mara chache tu, haudhuriki tena kirahisi kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ngazi zako ni mali, mradi usishuke kwa lifti! Shuka polepole, goti limekunjwa kidogo, usitue kwa kishindo. Anza mikono mitupu, begi lije baadaye na uzito uongezwe kidogo kidogo.

SoksiMbili: Kuhusu kidole: kata kucha siku chache kabla. Viatu vijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba, ukiwa na soksi zilezile za safari. Kabla ya kila mteremko mrefu simama, gonga kisigino nyuma ya kiatu, kisha kaza kamba za juu hadi mguu usiteleze mbele. Ukihisi ngozi inachoma, bandika plasta hapo hapo, usingoje lengelenge.

MguuMwepesi: Asanteni sana. Kwa wiki nitembee kilomita ngapi?

Kipito: Achana na kilomita, hesabu saa. Kuna kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, pamoja na saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Siku yenye kilomita 30 na mwinuko wa mita 1,200 ni saa 8, bila kupumzika, na mawe yataongeza. Basi kila wiki uwe na tembezi moja refu, lirefushe taratibu. Mwezi wa mwisho tembea siku 2 mfululizo, maana kuamka na miguu iliyochoka ukaanza tena ni zoezi la peke yake. Siku 10 za mwisho punguza.

Shavu_la_Mguu: Niongeze moja. Msuli kuuma pande zote mbili ni kawaida. Lakini mfupa wa muundi ukiuma sehemu moja unapoubonyeza kwa kidole, acha mazoezi umwone daktari; huenda ni ufa. Na fimbo mbili za kutembelea zinapunguzia magoti mzigo kwenye mteremko. Zifanyie mazoezi kuanzia sasa, zirefushe kidogo unaposhuka.