MJADALA: Kichekesho cha zamani kilichomkejeli Mmakonde kirushwe kama kilivyo au kikatwe?

Mwana Chikongola (mleta mada)

Wakuu, heshima mbele.

Kuna chaneli imeanza kurudia vipindi vyake vya vichekesho vya miaka ile, na kipande cha kipindi kimojawapo kimezagaa kwenye magrupu ya watu wa Mtwara na Lindi. Jina la kipindi naliacha makusudi. Likitajwa tu tutaanza kubishana kundi gani lilikuwa kali na mada itafia hapo. Itoshe kusema ni cha zama zile Ze Comedy walipotoka EATV wakahamia TBC1 na kuitwa Orijino Komedi, ITV wakiwa na Mizengwe, Star TV wakiwa na Futuhi. Hapa Mtwara ukitaka kumkuta mtu nyumbani usiku, unaangalia kwanza ni siku ya kichekesho gani.

Swali langu: vitu kama hivi virushwe kama vilivyo, vikatwe, au vifungiwe kabatini? Kwenye grupu letu wapo wanaotaka TCRA (mamlaka ya mawasiliano) iandikiwe barua. Kabla hamjaiandika, mimi nimekiangalia kipindi chote kwenye DVD ya jamaa yangu aliyekirekodi enzi hizo. Tathmini yangu hii hapa.

Vichekesho viko vinne. Cha mwenye nyumba na wapangaji na kile cha mganga wa kienyeji ni vya kawaida, tuvipite. Cha diwani ndicho kilichonifanya nirudishe nyuma. Diwani yuko kwenye mkutano wa hadhara, anaeleza fedha za bomba la maji. Kila akifika "jumla ya shilingi..." kipaza sauti kinakata. Fundi anapanda, anagonga gonga, sauti inarudi, diwani anaanza upya na salamu zote mpaka za viongozi wa dini. Kinakata tena palepale. Mwisho wananchi wanamalizia wenyewe kiasi kwa sauti moja, kipaza sauti kikiwa kimekufa, na diwani anapiga makofi. Anayecheza diwani hacheki hata kidogo. Yule alikuwa msanii.

Kisha kinakuja hiki kinachosambaa: Mmakonde kaingia Dar. Kapakwa masizi usoni ndiyo chale, kabandikwa kifuniko cha soda juu ya mdomo ndiyo ndonya (pambo ambalo hasa lilikuwa la wanawake, lakini nani aliuliza?), kiroba kichwani. Anaogopa taa za barabarani. Anaamkia sanamu la dukani. Anafungua kiroba, anatoa panya mkavu, kicheko cha kubandika kinalipuka. Lafudhi yenyewe hakuisoma. Mmakonde atakwambia "ntu" na "nkate", lakini yule anasema "nama" akimaanisha mama. Hakuna Mmakonde anayemwita mama yake hivyo. Dakika nzima zinakwenda bila kisa. Mvue diwani suti yake, kichekesho kinabaki palepale. Mfute huyu masizi, hakuna kitu.

Msimamo wangu: kisikatwe. Ila utetezi wa "ni utani tu" siukubali. Utani tunaujua. Wangoni na Wahehe walipigana vita karne ya 19, leo ni watani. Mhehe akifiwa, Mngoni anaweza kuingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Hakuna anayekasirika, kwa sababu msiba ukihamia kwa Mngoni, Mhehe naye atakuja kulala. Utani una zamu. Sasa zamu ya Mmakonde kwenye televisheni ilikuwa saa ngapi, na chaneli ipi?

Naomba kuwasilisha.

Mpiga Debe Mstaafu

Mkuu umeandika gazeti. Kichekesho ni kichekesho, kikikuuma rimoti unayo. Wachaga wanachekwa kwa hela, Wahaya kwa kujisikia, Wasukuma kwa ushamba, maisha yanaendelea. Nyie wa Kusini mna nini cha pekee?

Mjukuu wa Newala

Mpiga Debe, rimoti inazima televisheni, haizimi bweni. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza mbali na nyumbani, shule siitaji, kipindi hiki kilipokuwa kinatoka. Kikirushwa usiku, asubuhi mimi ndiye marudio. Naulizwa mbele ya darasa kama kwetu kuna taa. Naombwa niseme "mtu" ili watu wacheke, na siku moja aliyeomba alikuwa mwalimu. Nikajifunza kukaa kimya hata jibu nikilijua, na matokeo yangu ya mwaka ule yanaonyesha.

Na huyo panya. Kwetu anaitwa samaki nchanga, anatafutwa shambani, na aliyemzoea anamsifia kuliko kuku. Wenzetu wanakula senene wanasifiwa kwa utamaduni. Sisi panya wetu anatolewa kwenye kiroba achekwe.

Mimi nasema kikatwe. Mleta mada unaongea kama mtu anayehakiki sanaa. Kuna mtoto wa Tandahimba yuko bweni leo.

Mzee wa Nachingwea

Wanangu, salaam. Nimesoma wote.

Mjue huo "ushamba wa Kusini" ulikotoka. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji tulivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakishika, ndani ya basi hulali tu, unaishi. Mtu anashuka Dar ana matope mpaka kwenye nyusi, halafu mtu wa mjini anamwangalia anasema huyu ametoka porini. Barabara ndiyo iliyotuchafua, aliyechekwa ni abiria.

Hata hivyo mimi ni wa kutokata. Sisi tulikuwa na vichekesho kabla ya televisheni. Wamakonde wana mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani. Wachongaji walimchonga mpaka Mreno aliyekuwa akiwatawala ng'ambo ya Ruvuma, na pua yake na masharubu yake, mchezaji akatoka nacho uwanjani anatembea kwa maringo ya bwana mkubwa, watu hoi. Mreno yule alikuwa na bunduki. Hakuna aliyesema tumwonee huruma. Dhihaka ni mali yetu pia, tukianza kuandika barua za kuifungia, ya kwanza kufungiwa itakuwa yetu.

Mjukuu wa Newala

Babu, shikamoo. Lakini umejibu hoja yangu mwenyewe: mapiko yalimcheka mwenye bunduki.

Mswahili wa Mikindani

Mie naongeza chumvi kidogo. Kusini si Mmakonde peke yake. Kuna Wamwera, Wayao, Wamakua, Wangindo, Wamatumbi, na Wamachinga wenyewe ambao nchi nzima inaimba jina lao bila kujua kuwa ni watu. Televisheni ilitusaga wote ikatoa unga mmoja.

Halafu tuseme kweli wenyewe kwa wenyewe. Hapa pwani watu wa bara tunawacheka tangu zamani. Na Mmakonde wa Newala anayelia leo, muulizeni anavyowaongelea Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji. Tuliwaita "Mawia". Kwa heshima? Walivyochanja nyuso zao, walivyovaa ndonya, hadithi zote hizo za kutisha watoto tulizitunga sisi. Mchekeshaji wa Dar alikuta mboga imeshaungwa.

Kiroba cha Tandahimba

Haya mambo mnayazungusha. Mchekeshaji anamcheka asiye na pa kumshitaki. Mwaka 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kutoa video anaicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Kucheka tu. Mmakonde hana polisi, ndiyo maana kila mwandishi wa vichekesho akikosa wazo anapanda basi la Kusini kichwani mwake.

Mwaka 2013 hapa Mtwara watu walisema gesi haitoki kwenda Dar. Mwezi Mei mji ukawaka moto, jeshi likaingia mitaani, watu wakafa. Novemba 2018 serikali ikatangaza itanunua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kuzibeba, na wakulima wakabaki kusubiri malipo huku wengine wakihojiwa mashamba yao yako wapi. Mule mna vichekesho vya kulia machozi. Fikiria tu mkulima anayedaiwa amwonyeshe afisa mkorosho mmoja mmoja! Mimi sikumbuki kuona hata dakika moja ya hayo kwenye vichekesho vya televisheni. Panya ndio niliowaona.

Rimoti Mbili

Naomba niwapeleke mbali kidogo. Juni 2020 Uingereza walipitia hili. Komedi ya Little Britain iliondolewa BBC iPlayer na Netflix, kwa sababu wachekeshaji weupe walijipaka rangi kuigiza watu wasio weupe. UKTV nao wakaondoa kipindi kimoja cha Fawlty Towers cha mwaka 1975, mchekeshaji wake John Cleese akawaka, na hazikupita siku nyingi wakakirudisha wakiwa wameweka onyo mwanzoni. Kwangu hiyo ndiyo njia: usikate, weka maandishi kwamba hiki ni cha zamani na kina lugha ya kudhalilisha, mtu mzima achague.

Mjukuu wa Newala

Na onyo likiwekwa mwanzo wa kipindi, kipande kikikatwa kikarushwa WhatsApp, onyo linabaki wapi? Hiki kinachosambaa kinaanzia mtu anapoamkia sanamu. Nani ataona maandishi yako?

Rimoti Mbili

Hapo umenibana, dada. Liandikwe chini ya picha muda wote basi, kama wanavyoweka namba za kupigia simu.

Fundi Dishi

Samahani nawarudisha nyuma. Mleta mada umesema vichekesho vinne. Mimi marudio niliyaangalia mwanzo mpaka mwisho, nilikuwa kwa mteja Shangani nimemaliza kufunga dishi, tukakaa tukatazama. Vilikuwa vitatu. Mwenye nyumba, mganga, Mmakonde. Diwani sikumwona.

Kiroba cha Tandahimba

😂😂😂 Mnasikia lakini?

Mpiga Debe Mstaafu

Labda matangazo yalizidi, wakapunguza. Msitafute mchawi.

Mwana Chikongola

Nimetoka kuyatazama marudio yenyewe kwenye ukurasa wao wa YouTube. Fundi Dishi yuko sahihi. Diwani hayumo, na pale alipokuwa pameunganishwa vizuri kabisa, usingejua kama hukuona DVD. Sababu siwezi kuisema, inawezekana ni matangazo kweli kama anavyodai Mpiga Debe. Ila jamani, sisi tangu asubuhi tunabishana kikatwe kisikatwe, kumbe mkasi ulishapita. Kati ya vinne, mtu amekaa mezani akaamua kimoja kitoke, na Mmakonde akamwona hana shida.

Kwa hiyo barua ya TCRA mimi siiungi mkono hata sasa. Nitakayotia saini ni ya kwenda kwa chaneli yenyewe: mrudisheni diwani. Rusheni kipindi kizima kama kilivyotoka. Mtoto wa bweni anayesimangwa kwa kile cha Mmakonde, aone na cha diwani, ajue watu walewale walikuwa na uwezo wa kufanya kazi nzuri na kwake wakaamua kulala.

Mjukuu wa Newala

Kaka, barua yako naisaini. Kuhusu mtoto wa bweni sikubaliani, hatafarijika kwa diwani. Lakini kukata tulikokuwa tunakuomba na kukata walikokwisha kufanya ni vitu viwili, hilo nalichukua nikalifikirie.

Mzee wa Nachingwea

Mimi nawauliza vijana. Simu mnazo, na kila nyumba ina mtu anayejua kuchekesha. Zamu mnayoidai mnasubiri mpewe na nani?

Mswahili wa Mikindani

Mzee kauliza la maana. Kisa ninacho. Mtu wa Dar kaja Mtwara kununua korosho, mjuaji, kila kitu anakijua. Anaelezwa korosho inakaushwa, inabanguliwa, anakataa: "Mie nimekula korosho tangu utoto." Anaokota mbichi na ganda lake, anaing'ata. Mafuta ya ganda la korosho mnayajua. Midomo inavimba, na kuanzia hapo kila "mtu" anayotamka inatoka "ntu". Mama muuza ming'oko anamwambia karibu nyumbani, mwanangu, ulipotelea wapi?

Kiroba cha Tandahimba

Hahahaa! Hicho hakihitaji masizi.

Fundi Dishi

Kamera ninayo ya simu na kistendi chake. Tupige jioni pale karibu na uwanja wa Nangwanda Sijaona, mwanga unakuwa mzuri. Tunakosa Mdar tu.

Mpiga Debe Mstaafu

Mdar nipo hapa, nimezaliwa Temeke na hapa Mtwara nimeoa. Ila korosho iwe ya bandia.

Mjukuu wa Newala

Ya bandia hatuna.