858D, T12 au ya mbili kwa moja? Kibanda cha Kondele

FundiMpya_KSM: Mafundi, hamjambo. Nafungua kibanda cha ufundi Kondele, Kisumu, pesa inatosha mashine moja tu. Nimekwama kati ya blowa ya 858D (ya hewa moto), chuma cha kulehemu cha T12 na ile ya mbili kwa moja, blowa na chuma pamoja. Nichukue gani?

WayaMwekundu: Hujasema unatengeneza nini, bosi. Simu? TV? Na hiyo soketi ina ethi (waya wa ardhini), ama umevuta waya mbili kutoka kwa jirani?

LehemuNakuru: T12, tumalize. Hita na kipimajoto vimo ndani ya ncha yenyewe, kwa hivyo ukigusa shaba pana joto haliporomoki. Vile vyuma vya mtindo wa 936, ncha imevikwa tu juu ya hita. Kwenye bodi ya TV utangoja mpaka ukate tamaa. Nunua ncha ya K (kama kisu) na BC2 (iliyokatwa mshazari), zinatosha.

FundiMpya_KSM: Samahani. Ni simu, hasa matundu ya chaji. TV mara mojamoja, pawasaplai na taa za nyuma. Ethi sijaangalia.

MamaMita: Basi blowa huikwepi. Tundu la chaji lina miguu iliyozama kwenye bodi. Kwa chuma unayeyusha mmoja huku mwingine umeshaganda, ukivuta pedi zinang'oka. Lehemu ya kiwandani mara nyingi haina risasi, huyeyuka karibu nyuzi 217. Ichanganye kwanza na lehemu ya 63/37 (bati 63, risasi 37) ili ishuke. Paka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike), funika maiki kwa tepu ya Kapton isiyoungua, puliza nyuzi 350 ukizungusha mkono. Tundu likitikisika lenyewe, linyanyue. Usilazimishe.

LehemuNakuru: Hata 60/40 inafanya kazi hiyo.

MamaMita: Inafanya, ila kati ya nyuzi 183 na 190 inakuwa uji. Ukitikisa hapo, kiungo kinapasuka ndani na simu inarudi baada ya wiki. 63/37 huganda mara moja.

WayaMwekundu: Tusimpoteze mgeni. 858D za bei ya chini zifungue kabla ya kuchomeka. Nyingine swichi imekatwa kwenye nyutro badala ya laivu: umezima, lakini ndani bado kuna 240V. Weka mita kwenye omu, pini ya ethi hadi mdomo wa blowa. Isome chini ya 2. Halafu kinachoziua nyingi ni kuzima ukutani. Ukirudisha mkono wa blowa kwenye kishikio chake, mashine hukata hita lakini feni huendelea mpaka ipoe. Ukizima ukutani, feni inasimama hita ikiwa bado nyekundu, plastiki inalainika, feni inaanza kukwaruza. Kesho hewa ni kidogo, hita inakatika. Unabadilisha vyote viwili. Stima ikipotea ni vilevile, na Kondele mnajuana nayo. Ikitokea, shika mkono wa blowa, mdomo ukitazama juu, joto lisipande kwenye feni.

LehemuNakuru: Ndiyo maana nasema T12. Na mbili kwa moja usiguse: chuma chake aghalabu ni mtindo wa 936, bodi ikifa umekosa vyote.

FundiMpya_KSM: Nimefungua soketi. Waya wa kijani umekatwa ukaachwa ukutani.

WayaMwekundu: Hiyo kwanza. Bila ethi, ncha inaweza kuvujisha umeme kwenye chipu ya mteja.

FundiMpya_KSM: Sawa. Kwa hivyo 858D, halafu T12 baadaye?

LehemuNakuru: T12.

MamaMita: Flaksi umenunua gani? Usije ukaleta ile ya mafundi wa mabomba, ina asidi, inakula bodi.

FundiMpya_KSM: Hm. Ni hiyo.